Wageni Bilioni wa Benta Ajwang

Mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi, Benta Ajwang, ana kanuni moja tu, na hakupewa na serikali: anayelala hapa anaandikwa. Serikali ilipotangaza kwamba kila nyumba kumi ziwe na mtu anayewajua wakaaji wake, sehemu nyingi za Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu, zililichukulia jambo hilo kama tangazo la redio, likapita. Benta alilichukulia kama ubatizo. Alinunua daftari la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula ya mjukuu wake, na juu ya kila safu akaandika swali: Jina. Kwao wapi. Amekuja kufanya nini. Ni wangapi. Nani anamjua. Ataondoka lini. Tangu hapo hakuna kiumbe aliyepata usingizi katika nyumba zetu bila kuyajibu. Yumo mhubiri aliyekuja kukesha akasinzia kwenye kiti. Yumo mbuzi wa mahari aliyelala siku mbili akielekea Pap Onditi. Kwenye safu ya amekuja kufanya nini pameandikwa "kuoa", ingawa mbuzi mwenyewe hakuulizwa.

Mimi naitwa Njenga. Nauza viatu vya mitumba soko la Kibuye, na ndimi katibu wake. Sikuchaguliwa. Nilipohamia hapa mwaka 2014 na mke wangu Mwihaki, tulijibu maswali manne vizuri, tukafika la tano: nani anamjua. Hakuna aliyenijua. Miaka ile mtu wa kwetu Nyahururu kuhamia Nyalenda, kwa Wajaluo, alihitaji ama ujasiri ama wazimu, na majirani walikuwa wamesimama milangoni wakisubiri kuona mimi nina kipi. Benta alinitazama juu hadi chini, akaandika jina lake mwenyewe kwenye ile safu. Kisha akasema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, akanikabidhi daftari. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi isiyo na mshahara wala siku ya mapumziko.

Benta ana miaka sitini na kitu. Alitoka Alego akiwa bi arusi, akaolewa na fundi wa mitambo ya kiwandani. Kiwanda kikafa, na miaka miwili baadaye mume naye. Kilichobaki kikawa bomba: kioski cha maji chenye tangi jeusi juu, mifereji miwili chini, na foleni ya mitungi ya manjano tangu alfajiri. Bomba hilo limesomesha watoto wanne, sasa linamlea mjukuu. Ukimsema vibaya marehemu mumewe, Benta atakusamehe, pengine hata atakuongezea mifano. Ukiyasema vibaya maji yake, tafuta nyumba kwingine.

Basi mwaka jana, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, wakatufikia wanafunzi wawili wa chuo. Msichana aliitwa Valerie, mzaliwa wa Nyakach, naye alikuwa amevaa koti jeupe la maabara katikati ya jua la saa nane ili tusije tukamdhania mtu wa kawaida. Mwenzake aliitwa Sahil, kijana wa Kihindi ambaye nyanya yake ana duka la rangi mjini. Alikisema Kijaluo kunishinda mimi niliyekaa hapa miaka kumi, jambo ambalo lilinichukiza kidogo. Walileta bango la picha, kreti mbili za soda, na fomu.

Sisi wa Nyalenda tumeshirikishwa sana. Tumeshirikishwa kuhusu barabara, vyoo, majiko, vyandarua na mikojo yetu. Kazi yetu tunaijua: unakunywa soda, unapiga makofi mgeni anapovuta pumzi, unaweka sahihi, unaenda nyumbani. Wale watoto walikuwa wametenga nusu saa.

Valerie alieleza vizuri, lazima niseme. Wametengeneza bakteria, alisema, vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vikikutana na kinyesi ndani ya maji vinageuka vyekundu. Watavitia kwenye kifuko cha wavu, kifuko kitaning'inizwa ndani ya tangi. Tangi likiwa salama, hakuna rangi. Likiwa limeingiliwa na uchafu wa choo, kila mtu ataona, na hakuna atakayekunywa maji hayo. Kulikuwa na shindano ng'ambo la vyuo vinavyobadilisha viumbe namna hiyo, na sheria ya shindano ni kwamba wanafunzi waonyeshe wamekaa na wananchi na wananchi wamekubali. Fomu ilihitaji sahihi ya mwakilishi wa jamii. Bila sahihi, hakuna safari.

Tukapiga makofi. Nilikuwa nimeshamaliza soda.

Benta hakupiga makofi. Aliuliza, "Hao wadudu, usiku wako wapi?"

"Ndani ya tangi, Mama," akasema Valerie. "Wataishi humo."

"Kwa hivyo wanalala hapa."

"Eee... tuseme hivyo."

"Katibu," akasema Benta, "fungua daftari."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, nikafungua daftari.

Jina lilituchukua robo saa, kwa sababu Sahil alinitajia herufi moja moja, na Mzee Mathews akataka kujua kwa nini mdudu ana jina la Mzungu. Mzee Mathews ndiye mkongwe wa nyumba zetu. Hajui kusoma ila anajua kupinga. Sahil akamweleza kwamba ni jina la daktari Mjerumani aliyemgundua.

"Kwa hivyo amepewa jina na mtu baki," akasema Mathews. "Wazazi wake walikuwa wapi?"

"Kwao wapi?" akauliza Benta, maana hapendi daftari liruke safu.

Valerie akakuna shingo. "Kiasili ni tumboni, Mama. Hawa wa aina yetu walitolewa kwa mgonjwa mmoja Amerika, miaka mia moja iliyopita. Halafu tumewapa kipande cha jeni cha matumbawe ya baharini, ndicho kinacholeta ile rangi nyekundu."

Nikaandika: *Tumboni, Amerika. Upande wa mama, baharini.* Mathews akatikisa kichwa akasema mchanganyiko wa namna hiyo hauna utii, amewahi kuuona.

"Wangapi?"

"Kwa kijiko kimoja, kama bilioni."

Chumba cha ploti yetu, kwa amri ya mwenye nyumba, hakizidi watu sita. Nilimwona Benta akijaribu kugawa.

"Na wanazaa?"

"Kila dakika ishirini wanakuwa mara mbili," akasema Sahil kwa fahari, kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Mathews alivua kofia. Mama mmoja nyuma akasema, "Yawa!" na hakusema kingine mpaka mkutano ukaisha.

Ndipo Benta akauliza swali ambalo halimo hata kwenye daftari. Yeye humwuliza kila kijana anayehamia peke yake, maana ameshachoka kusuluhisha. "Wataoa hapa?"

Sisi tukacheka. Valerie hakucheka. Alimtazama Sahil, Sahil akatazama kreti ya soda.

"Mama," akasema Valerie polepole, "bakteria hawaoi. Lakini... wakikutana na wengine kwenye maji, wakati mwingine wanapeana vipande vya jeni. Wetu wanaweza kuwapa wale wa hapa."

"Basi wataoa," akasema Benta. "Na watoto watakuwa wa nani?"

"Tumewawekea kitu cha kuwaua wakitoka nje ya kifuko," Sahil akaingilia. "Inafanya kazi poa kabisa. Asilimia tisini na tisa nukta tisa."

Mimi nauza viatu, hesabu ni damu yangu. Nikawaambia kwamba katika bilioni, hiyo asilimia inayobaki ni watu milioni moja. Benta akaniuliza hao milioni watalala wapi, nami nikasema mimi ni katibu tu.

"Nani anawajua?" akaendelea. Valerie akasema profesa wao. Profesa anakaa wapi? Milimani, kwa wenye nacho. Benta akatikisa kalamu. Mdhamini lazima akae hapa, akasema, ili mgeni akiiba kuku tujue mlango wa kugonga. Na serikali je, imewapa barua?

Valerie akavua lile koti jeupe. Nilimpenda kwa hilo. "Kusema kweli, Mama, kibali cha kuwatoa maabara hatujapata. Tulifikiri tuanze na sahihi yenu, halafu tutumie hiyo kuomba kibali."

"Mlianza na sisi kwa sababu sisi ni wadogo," akasema Benta.

"Ndiyo," akasema Valerie. Alikuwa karibu kulia. "Na kamati ya chuo ilituuliza maswali mawili. Nyinyi mmeuliza kumi na moja."

Swali la mwisho, ataondoka lini, halikupata jibu kabisa. Benta akapiga mstari juu ya jina lote. Hawalali hapa. Wanafunzi wakakusanya chupa zao wakaenda. Jioni hiyo ploti nzima ilimsifu mwenyekiti wetu. Mathews alisema angekuwa mbunge. Mimi mwenyewe nilimwambia Mwihaki kwamba yule mama ana akili ya kutisha, na nilikuwa nimekosea kuhusu kazi ambayo akili hiyo ilikuwa inafanya.

Wiki mbili baadaye Valerie na Sahil wakarudi. Safari hii hakukuwa na koti wala soda, kulikuwa na bahasha. Valerie alikuwa ameyapeleka maswali ya Benta kwa profesa, profesa akawarudisha maabara, na wakaja na njia nyingine. Hakuna mdudu hai tena. Waliwapasua bakteria maabara, wakachukua yaliyomo ndani yao, wakayakausha kwenye vipande vya karatasi vidogo kama stempu. Unachovya karatasi kwenye maji nje ya tangi, unasubiri nusu saa, unaona rangi. Halafu karatasi inaondoka. Wataalamu walikuwa wameipitia na kuandika barua kwamba karatasi haina kitu hai. Kibali kipo.

"Hawazai," akasema Valerie, akihesabu kwa vidole. "Hawaoi. Hawalali hapa. Mama, wamekufa wote."

Nilidhani tumemaliza. Nilisahau niko wapi.

"Wamekufa?" akasema Mzee Mathews, akasimama. "Bilioni ya watu wamekufa, na nyinyi mnaleta maiti kwa boma ya mwenyewe, ndani ya bahasha?"

Kwetu Nyahururu hilo lingekuwa mzaha. Hapa maiti si mzaha. Maiti ina kwao, na haipitishwi mlango wa mtu ovyo, wala hailali penye bomba la watu. Mara baraza likawa la matanga. Kila mtu akawa na la kusema. Mama mmoja akauliza kama aanze kukusanya sukari. Mwingine akataka kujua kama wafu wana wajane, maana hapa mjane hurithiwa, na hilo lingebadilisha mengi. Mathews akatoa uamuzi kwamba wazikwe kwao.

"Kwao ni tumboni," nikawakumbusha, nikisoma kwenye daftari.

Watu wakatazamana matumbo. Hakuna aliyejitolea.

Valerie alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba fomu inatakiwa kesho saa sita mchana, na kwamba kwa sheria za maabara karatasi zilizotumika hazizikwi popote, zinachomwa. Neno hilo likawasha moto. Kuchoma maiti! Mathews akaketi kwa nguvu akasema hajawahi kusikia ukatili kama huo.

"Kwetu tunachoma," akasema Sahil.

Wote wakageuka.

"Sisi Wahindu. Babu yangu tulimchoma hapa hapa Kisumu. Ni heshima."

Mathews akamtazama yule kijana kwa muda mrefu, kama anayekagua ng'ombe wa posa. Akamwuliza kama yeye ndiye aliyewatengeneza hao marehemu kwa mikono yake. Sahil akasema ndiyo, yeye na Valerie. "Basi ni watu wa kwenu," akasema Mathews. "Wewe ndiye mfiwa. Kwenu mnachoma, choma." Watu wakamwendea Sahil mmoja mmoja, wakampa mkono wa pole. Yule kijana akapokea, na alipofika mkono wa nane nikaona ameanza kuhuzunika kweli. Akampigia simu nyanya yake, Mama Lata, kuuliza kama familia inaruhusu. Tuliisikia sauti ya bibi ikiuliza walikufa kwa nini. Sahil akasema, "Kwa ajili ya sayansi, Nani," maana ndivyo Wahindi wanavyomwita bibi mzaa mama. Bibi akasema Mungu awapumzishe, na aje nyumbani kula.

Kwa hiyo maswali yote yalikuwa yamejibiwa, ya walio hai na ya wafu. Ikabaki sahihi, na kuchovya.

Benta akasema, "Nataka kwanza kujua hiyo karatasi imetengenezwa wapi."

Sahil akamwambia. Benta akataka kujua bahasha ilifungwa na nani. Akaambiwa. Akataka nambari za vitambulisho, akapewa. Akataka Mathews aombe kwanza. Mathews akaomba, akamaliza, akapumzika, akaomba tena. Benta akasema labda tungoje mvua. Labda tungoje mwanawe Dalmas atoke Nairobi. Watu walianza kuangaliana. Mimi nilikuwa namtazama mkono. Kalamu ilikuwa inagonga fomu, tik tik tik, bila kuandika.

"Katibu," akaniambia, "njoo unisaidie na ufunguo."

Hakuna ufunguo uliokuwa unasumbua. Tulisimama nyuma ya kioski, chini ya tangi, mahali ambapo ardhi haikauki. Akauliza, bila kunitazama, "Na ikitoka nyekundu?"

"Watu watachemsha," nikasema. "Ama wataenda kwingine mpaka urekebishe. Si ndiyo maana yake?"

"Watu hawarudi, Njenga. Mtu akishasikia maji yako yana choo, harudi." Halafu akasema yote, haraka, kama anayetema. Mwezi wa tatu, mvua ilipopiga, choo cha ploti ya nyuma kilititia. Bomba lake la chini linapita hapo. Maji yalitoka na ukungu siku mbili, na harufu. Halafu yakawa safi machoni, na harufu ikaisha, ama yeye akaizoea. Alisema ataita fundi. Fundi alitaka kuchimba mita kumi na mbili, na kuchimba ni kufunga bomba mwezi mzima. Hakumwita. "Lakini ya mtoto nachemsha," akasema. "Tangu siku hiyo ya mjukuu wangu nachemsha."

Ya mjukuu alichemsha. Yetu alitufungulia mfereji.

Mwihaki wangu alilazwa mwezi wa tano. Homa ya matumbo, wiki nzima wodini, akapungua mpaka pete ikamtoka kidoleni. Nilidhani ni kachumbari ya sokoni. Nilimgombeza kwa ajili ya kachumbari akiwa kwenye dripu.

Nilitaka kumtupia Benta daftari usoni. Sisemi hivi kwa kupamba hadithi. Nililiinua. Yale maswali yote ambayo tulimsifia, yule mdudu kuoa, wale milioni, mdhamini, yalikuwa maswali mazuri na kila moja lilikuwa la haki, na yeye aliyauliza kwa sababu kila swali liliisogeza mbele siku ya kuchovya. Watoto wa watu walikwenda wakafikiria upya kazi yao yote kwa sababu mama mmoja aliogopa.

"Hii bomba ndiyo mimi," akasema Benta.

"Weka sahihi," nikamwambia. "Ama naenda kuwaambia mimi."

Akafunga leso vizuri kiunoni. Alirudi mbele ya watu, akaketi, akaweka sahihi, jina lote, bila haraka. Kisha akachukua karatasi kutoka kwa Valerie. Hakutaka mwingine achovye. Alifungua mfereji wa kulia, akajaza kikombe cha bati, akachovya. Sahil akachovya nyingine kwenye maji ya chupa ya dukani ili tulinganishe.

Nusu saa ni ndefu. Foleni ya mitungi ilikuwa inakua, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga kelele za kuharakishwa. Ile ya dukani ilibaki nyeupe. Ya Benta ilianza kuwa kama waridi pembeni, ikaingia katikati, ikawa nyekundu kabisa. Mathews akasema labda ni yale matumbawe tu yanajionyesha.

Valerie alitakiwa kupiga picha. Alishika simu, picha hakuipiga. Akasema, "Pole, Mama."

"Kuna mahali pa kuandika hapa chini," akasema Benta, kidole kwenye fomu. Kulikuwa na mistari mitano, na juu yake: Maoni ya jamii. "Katibu, andika. Mwenyekiti alijua tangu mwezi wa tatu."

Wote walisikia. Niliona habari ikipita kwenye nyuso, kutoka mbele kwenda nyuma ya foleni.

"Mama, si lazima," akasema Valerie haraka. "Hii fomu itasomwa ng'ambo na watu msiojuana nao. Tunaweza kuandika tu kwamba jamii imefurahia. Wengine wanaandika hivyo."

"Wewe uliniuliza maoni yangu, nyar Nyakach?" akasema Benta, yaani binti wa Nyakach.

"Niliuliza."

"Basi hayo ndiyo. Katibu, andika."

Niliandika. *Mwenyekiti alijua tangu mwezi wa tatu. Alichemsha ya mjukuu wake. Wengine hakuwaambia.* Valerie akasoma, akakunja fomu mara mbili, akaitia kifuani mwa blauzi badala ya kwenye faili. Sahil akaziokota karatasi zote mbili kwa kibanio, akazitia kwenye bahasha, na Mathews, kwa kukosa la kufanya, akamkumbusha asisahau kulia kidogo akizichoma.

Benta alifunga mifereji yote miwili, akapanda kwenye kiti akafunga na koki ya tangi. Kisha akaanza kupita kwenye foleni. Mitungi iliyokuwa imeshajazwa asubuhi hiyo, ikabaki hapo wenyewe wakisikiliza baraza, aliishika mmoja mmoja akaimwaga chini, mbele ya wenyewe, na kwa kila mmoja alisema ana hatia. Baadhi walimtukana. Mmoja alimsukuma, akaanguka, akainuka, akaendelea na mtungi uliofuata. Hakuna aliyemsaidia, hata mimi, na siombi radhi kwa hilo.

Mwihaki alikuwa wa tano. Nilikuwa sijui amefika. Mtungi wake ulikuwa umejaa mpaka shingoni, amekaa juu ya kiti kidogo kuulinda, maana tangu hospitali hawezi kusimama sana. Benta aliposimama mbele yake alishindwa kuinama kuuchukua.

"Mwihaki, mimi ndiye niliyekulaza hospitali."

Mke wangu si mtu wa maneno. "Ulinipikia uji," akasema. "Kila siku. Ulikuja kwa miguu mpaka wodini na uji."

"Ndiyo sababu nilipika."

Mwihaki akainuka. Akaumwaga mtungi mwenyewe, polepole, mpaka tone la mwisho. Akautia mfuniko, akaubeba mtupu, akaanza kwenda upande wa kanisa ambako kuna bomba lingine, na mimi nikachukua kile kiti chake nikamfuata.